Je, Bustani Inaliwa?

Neno tunalotaka kusema leo halitawapendeza wote. Wengine watakasirika. Na wakasirike, mradi wasome mpaka mwisho, kisha wapime wenyewe kama tumesema uongo.

Mwezi wa Juni tulikuwa pamoja na mahujaji wa pande zetu za Vuhovi na Butembo waliokwenda Namugongo, mahali alipochomwa moto Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake tarehe 3 Juni 1886. Ninyi mliokwenda huko mwaijua safari yenyewe: Beni, Kasindi, mpaka wa Mpondwe, kisha usiku kucha ndani ya gari hadi Kampala. Ibada zilikwisha vizuri. Lakini asubuhi ya kurudi gari lilikataa kuwaka. Dereva akatuambia kwamba kuna chombo cha injini kilichokufa, hapana budi kitafutwe kingine, nasi tusitazamie kuondoka kabla ya kesho. Basi tukajikuta na siku nzima ambayo hatukuiomba wala kuipanga.

Wenzetu wengi walijua mara moja la kufanya. Walikwenda Kikuubo kuuliza bei za vitenge, sahani na betri. Hatuwalaumu, kwa kuwa mtu wa Butembo akishuka Kampala bila kuuliza bei, ndugu zake watadhani ni mgonjwa. Lakini sisi sita tulikuwa hatuna fedha ya bidhaa: walimu wawili, katekista mmoja mzee, mama wawili na kijana wa kidato cha mwisho. Tukasema, tutembee tuone mji. Mfanyabiashara mmoja, rafiki yetu, akacheka mpaka akashika tumbo. “Mwalimu,” akasema, “mnakwenda kutazama majani? Bustani inaliwa?” Katekista akamjibu kwa upole: “Patron, tutakujibu jioni.”

Tulipanda kwanza kilima cha Kitante, penye nyumba ya makumbusho ya Uganda. Nyumba hiyo si kubwa sana. Tunaambiwa kwamba makumbusho yenyewe yalianzishwa mwaka 1908, yakahamahama, na tangu mwaka 1954 yanakaa kilimani pale. Ndani mna mikuki, vibuyu, nguo za magome ya miti, mifupa ya wanyama wa zamani, na ngoma na vinanda vya makabila mengi. Nyuma ya nyumba wamejenga vijumba vya nyasi, ili mtoto wa mjini aone jinsi babu yake alivyolala. Kijana aliyetupokea alisema, “Karibuni, wazee wangu,” akatuongoza taratibu, akatupigia vinanda vichache tusikie sauti zake.

Tulipofika mbele ya marimba ya magogo, ndugu kabisa ya endara yetu, mama mmoja wa kwetu alisimama hapo muda mrefu. Tukamngoja. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo: “Hii ilikuwako kwa baba yangu. Alipokufa tuliipasua kuni.” Hakuna aliyecheka.

Kisha yule kijana alituuliza bila ubaya wowote: “Na kwenu, wazee wangu, makumbusho iko wapi?” Tukatazamana. Tungemjibu nini? Tukamwambia iko Kinshasa. Ni kweli, Kinshasa iko nyumba nzuri ya makumbusho ya taifa, iliyojengwa kwa msaada wa watu wa Korea ya Kusini na kufunguliwa mwaka 2019. Lakini kutoka Vuhovi kwenda Kinshasa ni safari ya ndege, na mtoto wa mkulima wa kahawa hapandi ndege kwenda kutazama kibuyu.

Mchana tulikwenda Entebbe, mwendo wa kilometa 40 hivi, kwenye bustani ya miti kando ya ziwa. Bustani hiyo ilipandwa tangu mwaka 1898. Miti yake ni mirefu kama minara ya kanisa, na nyani na ndege wanakaa humo bila kuogopa. Tulikuta watoto wa shule wakila chakula chao chini ya vivuli, vijana wakisoma, mzee na mkewe wakikaa kimya tu. Katekista wetu alijinyosha juu ya majani akalala usingizi. Alipoamka alituambia kwamba hajui ni miaka mingapi tangu alipolala hivyo mchana, nje, bila kutega sikio kama risasi zinalia.

Ndiyo siku yetu yote. Ilikuwa na kilima kimoja, bustani moja, na mihogo ya kukaanga njiani. Lakini tuliporudi nyumbani maneno mawili hayakutuacha tena: kuni za yule mama na usingizi wa yule katekista. Kwa sababu ya maneno hayo mawili tunaandika leo.

Twasema hivi waziwazi: sisi watu wa Butembo, wa Beni na wa Vuhovi tumekosa katika jambo hili, na kosa letu si la umaskini. Ni la macho. Tunaona thamani ya kiwanja pale tu kinapoweza kujengwa duka. Tunaona thamani ya kitu cha mzee pale tu kinapoweza kuuzwa. Kingine chote tunakiita takataka.

Tutazameni mji wa Butembo. Ni mji wa watu hodari, na hakuna atakayetunyang’anya sifa hiyo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 katika siku za Mhashamu Emmanuel Kataliko, wakati ambapo serikali haikuwa na hata fedha ya kulipa walimu. Wafanyabiashara wetu wanaleta bidhaa kutoka Dubai na China wakipita katika barabara ambazo watu wengine wasingepitisha hata punda. Lakini ndani ya mji huo hodari, mtoto anacheza wapi? Mzee anakaa wapi jioni? Mama aliyetoka hospitali, anapumzika wapi kabla ya kupanda kilima cha kwake? Kila mahali palipokuwa wazi pamekuwa parseli, na kila parseli imekuwa duka, depo au kituo cha mafuta. Tunajua uwanja mmoja, hatutautaja jina, ambapo miaka michache iliyopita watoto walikuwa wakicheza mpira. Ulikatwa upande huu, ukakatwa upande ule, sasa umebaki ukubwa wa kanzu. Waliokata wana karatasi zenye muhuri. Watoto hawana karatasi.

Hapa watainuka wenye kutupinga. Tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: “Siku isiyo na kazi ni siku iliyokufa. Mnatufundisha uvivu.” Ndugu, kama kupumzika ni uvivu, basi amri ya tatu ya Mungu ni amri ya wavivu! Mwenyezi Mungu alipomwumba mtu hakumweka sokoni, alimweka katika bustani ailime na kuitunza. Na Bwana wetu Yesu Kristu, Mitume waliporudi kwake wamechoka hata hawana nafasi ya kula, hakuwaambia waongeze bidii. Aliwaita waende naye faraghani wapumzike kidogo. Tena Mababa wa zamani wanasimulia habari ya Mtakatifu Yohane Mtume. Siku moja mwindaji alimkuta anachezea kwale mkononi, akashangaa: mtu mkubwa kama huyu anapoteza wakati na ndege! Yohane akamwuliza kwa nini upinde wake haukuvutwa. Mwindaji akasema kwamba upinde ukivutwa siku zote hupoteza nguvu, na siku ya haja hautarusha mshale. Basi, akasema Mtume, na roho ya mtu ni hivyo hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatumia mfano huo kufundisha kwamba mchezo na mapumziko, kwa kiasi chake, ni sehemu ya maisha mema.

Nasi tunauliza: ni nani hasa anayefundisha uvivu na ulevi? Kijana asiye na uwanja wala kivuli Jumapili baada ya Misa ataenda wapi? Ataenda mahali pekee pasipomfukuza, yaani mahali pa pombe. Tunajenga vilabu kumi, hatupandi mti mmoja, kisha tunamwomba padre ahubiri juu ya ulevi.

Wa pili anasema: “Vitu hivyo vya zamani ni vya kipagani. Wakristu hawana haja navyo.” Neno hili linatuuma zaidi, kwa sababu tulifundishwa hivyo na wengine wetu tulifundisha hivyo. Mapadre Waasumpsioni walifika nchi yetu mwaka 1929, na kazi waliyoifanya hatuwezi kuilipa. Lakini tukiri ukweli: katika bidii ya siku zile, vitu vingi vilitupwa motoni ambavyo havikuwa na dhambi yoyote. Hirizi ni jambo moja, marimba ni jambo jingine. Endara haikumkufuru Mungu kamwe. Na leo je? Ngoma inalia kanisani wakati wa Utukufu, kwa kufuata Misa ya Kizaire ambayo Roma yenyewe iliikubali mwaka 1988. Kama ngoma inastahili kulia mbele ya altare, yastahili pia kuwa na mahali pa kuhifadhiwa isiliwe na mchwa.

Tena watazameni Mababa Watakatifu. Nyumba za makumbusho za Vatikano zilianza siku za Papa Yulio wa Pili, mwaka 1506, kwa sanamu ya kale iliyochimbuliwa shambani, na sanamu hiyo haikuchongwa na Wakristu. Katika Mwaka Mtakatifu wa 1925, Papa Pio wa Kumi na Moja alifanya maonyesho makubwa ya misioni zote za dunia. Vitu kama 100,000 vilitumwa Roma, na sehemu yake kubwa ikabaki huko katika makumbusho. Mwezi wa Novemba 2025, Papa Leo wa Kumi na Nne aliwarudishia maaskofu wa Kanada vitu 62 vya wenyeji wa nchi ile. Basi, ndugu, Papa anavitunza, Papa anavirudisha kwa heshima, nawe wa Vuhovi unavipasua kuni! Nani kati yenu ni Mkatoliki zaidi?

Wa tatu anasema neno zito, nasi hatutamjibu kwa mzaha. Anasema: “Watu wanachinjwa, nanyi mnaleta habari za maua na vibuyu?” Tangu Oktoba 2014 nchi ya Beni imezika watu wasiohesabika kirahisi. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaendelea mpaka Juni 2020, ikawaua watu zaidi ya 2,200 huku kwetu na Ituri. Vuhovi pia ililia. Kila mmoja wetu amepokea nyumbani mtu aliyekimbia kijiji chake. Tunayajua hayo. Hatuandiki kutoka Ulaya.

Lakini kwa sababu hiyo hasa tunaandika. Mtu akikimbia usiku anachukua mtoto, sufuria na godoro kama ana nguvu. Hachukui ngoma ya baba yake, wala picha ya babu, wala jina la kijito. Kijiji kikichomwa mara moja kinakufa. Kikisahauliwa kinakufa mara ya pili, na mara hii wauaji si waasi, ni sisi. Ni nani anayeandika majina ya watu waliouawa, kijiji kwa kijiji, parokia kwa parokia, katika daftari moja litakalosomwa na wajukuu? Wazee wetu waliofanya biashara wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, watu si zaidi ya mali?

Na wale watoto wa wakimbizi wanaolala kumi katika chumba kimoja, wanahitaji chakula kwanza, ni kweli. Baada ya chakula wanahitaji mahali pa kukimbia bila kukimbia kitu. Mwulizeni mama yeyote aliyempokea mtoto wa namna hii. Atawaambia kwamba siku ya kwanza mtoto aliyocheza ndiyo siku ya kwanza aliyolala usiku kucha. Katekista wetu ana miaka zaidi ya sitini, naye alihitaji mti wa Entebbe apate usingizi. Mtoto wa miaka sita je?

Wa nne anasema: “Hiyo ni kazi ya serikali.” Ndiyo, ni kazi ya serikali. Barabara nazo ni kazi ya serikali, nasi tumezitengeneza kwa majembe yetu. Mashule ni kazi ya serikali, nasi tumeyajenga kwa matofali yetu. Kwa nini basi tunaikumbuka serikali wakati wa kupanda mti tu?

Sasa tueleze hasara yetu ni kubwa namna gani, maana wengi hawaijui. Shukeni kutoka vilima vyetu mpaka mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mahali hapo panaitwa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja mwenye elimu ya mawe na udongo, Jean de Heinzelin, alichimba hapo akaokota mfupa mdogo, urefu wake kama sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha. Juu ya mfupa huo mtu alichora alama katika safu tatu. Ukizihesabu, safu moja ina alama 60, ya pili 60, na ya tatu 48. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Wataalamu wanakadiria kwamba mfupa huo una miaka kama 20,000. Wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, na mabishano yao hayajakwisha. Dunia nzima ya wenye hesabu inaijua Ishango. Nasi? Tuliuliza watoto wa darasa moja la sekondari huku kwetu Ishango ni nini. Mmoja akajibu kwamba ni mahali pa samaki.

Mfupa huo uko Brussels, katika makumbusho ya elimu ya viumbe. Hatusemi uletwe kesho na kuwekwa kwenye kabati lisilo na kufuli. Wezi wa kwetu tunawajua. Lakini tunauliza: kwa nini hata mfano wake wa plasta haumo katika shule zetu? Nani aliuomba akanyimwa? Uganda waliomba. Masalio ya Kibuuka, ambayo Waganda waliyaheshimu tangu kale, yalikuwa yamepelekwa Cambridge huko Uingereza. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, yalirudishwa Kampala. Na mwaka 2024 chuo kikuu hicho hicho kilipeleka Kampala vitu vingine 39 kwa mkopo wa miaka. Nchi yetu nayo imeanza kuona: mwezi wa Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alikabidhi Kinshasa kinyago cha Wasuku kiitwacho Kakuungu. Aliye na nyumba ya kuwekea ndiye anayeweza kuomba. Asiye na nyumba anyamaze.

Si mifupa tu. Nchi ya Bashu, ambayo Vuhovi imo ndani yake, imeandikiwa kitabu kizima juu ya watawala wake wa zamani na imani za watu wake. Aliyekiandika ni Mmarekani, Randall Packard, na kilipigwa chapa Marekani mwaka 1981. Alikuja, akaketi na wazee wetu, akawasikiliza, akaandika. Tunamshukuru. Lakini wale wazee waliomsimulia walikuwa na wajukuu, na wajukuu hao hawakuketi. Leo kijana wa Bashu akitaka kujua habari ya ukoo wake hana budi kujifunza Kiingereza kwanza! Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi hatukuiacha asili yetu tu. Tumemwachia mwingine funguo.

Na bustani? Tuna bustani ya taifa, ya Virunga, iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925, miongoni mwa zile za kwanza kabisa katika Afrika. Inaonekana kutoka vilima vyetu asubuhi isipokuwapo ukungu. Lakini kwetu imekuwa ni mpaka wa kugombania mashamba, na makao ya watu wenye silaha, na mahali ambapo walinzi zaidi ya 200 wamekufa katika kazi yao. Hatutamaliza ugomvi huo hapa. Tunasema tu kwamba mtu asiyewahi kukaa chini ya mti kwa furaha hatajua kwa nini msitu ulindwe. Bustani ndogo ya mjini ndiyo shule ya kuheshimu ile kubwa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si’ ya mwaka 2015, aliwaonya watu wa miji juu ya jambo hili hili: haifai binadamu waishi wamezungukwa na saruji, mbali na majani na miti, wala haifai pembe nzuri za mji ziwe za matajri peke yao.

Wengine watasema vita hivi haviwezi kushindwa, kwa kuwa wenye fedha ni wenye nguvu. Basi tuwape habari mbili. Mwaka 1989 wakubwa wa Nairobi walitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambamo maskini wa mji ule hupumzika Jumapili. Aliyesimama kuwapinga ni mama mmoja, Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista wa Kikatoliki tangu utoto wake Nyeri. Walimtukana bungeni, wakamwita kichaa. Yeye aliandika barua, akaandika tena. Ghorofa haikujengwa, na mwaka 2004 mama huyo alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Tena mwaka 2011, nyumba ile ile ya makumbusho tuliyoitembelea Kitante ilitakiwa kuondolewa ili pajengwe jumba la biashara la ghorofa 60. Raia walipinga mpaka mahakamani. Nyumba iko pale bado, nasi tuliiona kwa macho yetu. Mshangae hesabu: ghorofa 60 na ghorofa 60, zote mbili zilishindwa na watu wasio na kitu isipokuwa kalamu na ukaidi.

Basi tufanye nini? Hatupendi makala inayolia halafu inanyamaza. Tunatoa mambo manne, na hakuna moja linalohitaji fedha za Ulaya.

Kwanza, kila parokia ipime kiwanja kimoja wazi, hata kama ni kidogo, ikiandikishe kwa karatasi halali, na wakubwa wa mtaa na wazee watie sahihi kwamba hakitauzwa wala kukatwa. Kama wakataji wana muhuri, nasi tuwe na muhuri. Pandeni hapo miti ya asili, si mikaratusi peke yake, maana mikaratusi tunayo ya kutosha na inakunywa maji yetu.

Pili, kila parokia itoe chumba kimoja, hata cha ghala ya zamani, kiwe nyumba ya kumbukumbu. Kiwe na mlango mzuri, kufuli, na daftari. Kila mtu alete kitu kimoja: endara iliyobaki, jembe la mhunzi, kikapu cha bibi, cheti cha ubatizo cha mwaka 1935, picha ya katekista wa kwanza. Kiandikwe jina lake, mwenyewe ni nani, kilitumika namna gani. Na katika daftari la pili yaandikwe majina ya waliouawa, wasomwe katika Misa ya Marehemu wote.

Tatu, Jumapili moja kila mwezi, baada ya Misa, familia nzima iende pamoja mahali: bustani, chumba hicho, au chini ya mti wa jirani mwenye mti. Bila simu mkononi, bila kuuliza bei. Baba asimulie, watoto waulize. Akina baba, msiogope. Hamtakufa njaa kwa saa tatu.

Nne, walimu wakuu wa shule zetu waandike pamoja barua moja kwenda Brussels, waombe mifano mizuri ya mfupa wa Ishango. Stempu si ghali.

Bado tuna deni la jibu. Jioni ile tuliporudi, rafiki yetu mfanyabiashara alikuwa ameketi juu ya mizigo yake, amechoka, anahesabu. Akatuuliza tena: “Haya, Mwalimu, bustani inaliwa?” Katekista akamwambia: “Patron, umekunywa kahawa leo?” Akasema ndiyo. “Basi, umeila bustani. Kule Entebbe tuliambiwa kwamba zamani walijaribu humo miche ya kahawa, ya mpira na ya kakao, kabla ya kuwapa wakulima. Hata mti wa kwinini unaotajirisha watu wa milima yetu ulitoka Amerika, ukapita katika bustani za watu waliokuwa na subira.” Rafiki yetu akanyamaza. Kisha akasema kwamba watoto wake hawajui jina la babu yake, na yeye mwenyewe analijua nusu.

Tangu tuliporudi ametupa habari kwamba ana parseli moja ndogo karibu na kanisa, nyembamba, isiyofaa duka. Anataka kujua miti gani ipandwe. Hatujui kama ataitoa kweli au ataghairi mvua ikinyesha na bei ikipanda. Mwombeeni. Na wewe msomaji, kabla ya kumhukumu yeye, tazama nyuma ya nyumba yako kuna nini, na juu ya dari lako kuna nini, na usiwashe jiko kwa kitu ambacho hujauliza kilikuwa cha nani.